Mbunge hakujui, na si tatizo: namna ya kupata pendekezo la kwenda chuo cha maofisa wa jeshi Marekani

Kila ikifika Septemba simu yangu haipumziki. Anayepiga ni mzazi wa Houston, Columbus au Portland, mara nyingi mtu ambaye hatujawahi kuonana, na baada ya salamu ndefu swali ni lile lile: "Mzee wangu, kijana anataka West Point, wanasema lazima apendekezwe na seneta. Wewe unamfahamu seneta gani?"

Simfahamu hata mmoja. Binti yangu alipendekezwa, akaingia, na mimi hadi leo sijawahi kupeana mkono na mwanasiasa yeyote wa nchi hii. Tumekulia mahali ambapo nafasi nono inataka mtu wa kukushika mkono, ndiyo maana tukisikia "barua ya mbunge" tunaanza kutafuta mlango wa uani. Huku mlango huo haupo. Kuna fomu, kuna tarehe ya mwisho, na kuna jopo la watu wazima watakaokuuliza maswali kwa dakika chache. Nimeandika haya ili simu ipumzike. Nazungumza na wewe kijana. Mzazi naye asome, maana jambo la kwanza kabisa liko mikononi mwake.

Vyuo vyenyewe ni vitano. West Point, kilichoanzishwa 1802, ni cha Jeshi la Nchi Kavu. Annapolis ni cha Wanamaji, na huko ndiko hutoka pia maofisa wa Marines. Colorado Springs ni cha Jeshi la Anga. Kings Point ni cha mabaharia wa meli za biashara. New London ni cha Walinzi wa Pwani, na hiki cha mwisho hakihitaji pendekezo la mtu yeyote: unaomba moja kwa moja kama chuo kingine. Vinne vilivyobaki vinahitaji.

Kupendekezwa si kukubaliwa. Mbunge au seneta anapeleka jina lako. Chuo ndicho kinachoamua. Unaweza kupendekezwa ukakosa nafasi, na unaweza kupendwa sana na chuo ukaachwa nje kwa sababu hakuna aliyepeleka jina lako. Kwa hiyo unafanya maombi mawili kwa wakati mmoja, la chuo na la ofisi ya mbunge. Anayedhani ni moja huwa ananipigia Desemba, wakati hakuna la kufanya.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

*Uraia wa Marekani.* Green card haitoshi. Lazima uwe raia kufikia siku ya kuripoti chuoni, mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Hapa ndipo familia zetu huumia huku dawa iko ndani ya nyumba. Kwa sheria iliyoanza kutumika 27 Februari 2001, mtoto mwenye green card ambaye hajatimiza miaka 18, anayeishi hapa na yuko chini ya malezi ya mzazi aliye raia, anakuwa raia moja kwa moja. Yaani mzazi akila kiapo leo, mtoto amekuwa raia leo. Hafanyi mtihani, hangoji zamu yake. Kinachobaki ni ushahidi: mwombee pasipoti ya Marekani, au cheti cha uraia kwa fomu N-600. Lakini mzazi akiapa wiki moja baada ya mtoto kutimiza 18, mlango huo umefungwa, na kijana atajaza N-400, fomu ya kuomba uraia, yake mwenyewe na kusubiri kama mtu mzima mwingine. Basi mzazi unayeahirisha uraia mwaka hadi mwaka, hesabu umri wa mwanao kwanza. Mkenya hana shida sana, katiba ya 2010 inamruhusu uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima haruhusiwi, kwa hiyo hilo mlizungumze nyumbani mapema, si siku ya kiapo.

*Umri na hali yako.* Uwe umetimiza miaka 17 kufikia 1 Julai ya mwaka wa kuingia. Usiwe na mke wala mume, usiwe mjamzito, usiwe na mtoto unayewajibika kisheria kumlea. Wasichana wanapokelewa tangu miaka ya 1970, nasema kwa ajili ya baba wanaoniuliza kwa sauti ya chini.

*Jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa.* Hili Wamarekani hawataliandika kwenye mwongozo wao, ila sisi linatukamata kila mara. Shuleni unaitwa majina mawili, pasipoti ina matatu, na kwenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo, jina la babu limekuwa la ukoo. Waliopitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma wengi wana 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, huku cheti cha ubatizo kina tarehe nyingine. Chagua jina na tarehe zilizo kwenye pasipoti ya Marekani au cheti cha uraia, kisha uzitumie hizo tu, kila mahali, hadi herufi ya mwisho.

*Matokeo rasmi ya shule na alama za SAT au mwenzake ACT.* Rudia mtihani ikibidi, hasa hesabu. Kama sehemu ya sekondari ulisoma Kenya, Tanzania au Kongo, mwone mshauri wa shule mapema akusaidie masomo hayo yaingie kwenye rekodi yako.

*Anwani halali.* Unaomba kwa mbunge wa mahali familia yako inapoishi kisheria, hata kama unasoma bweni jimbo jingine.

*Pesa?* Hapana. Kuomba chuo ni bure, kuomba pendekezo ni bure. Anayekudai ada ya "kukuunganisha" na ofisi ya seneta ni tapeli, hata kama mnasali naye kanisa moja.

Hatua zenyewe

1. Fungua faili chuoni ukiwa darasa la 11, mwaka mmoja kabla ya kumaliza sekondari. Kati ya majira ya baridi na majira ya kuchipua ya mwaka huo, vyuo hufungua fomu fupi ya awali kwenye mtandao. Jaza ya kila chuo unachokitaka kwa dhati. Ukiijaza vizuri unapewa nafasi ya kuendelea na maombi kamili, na ofisi nyingi za wabunge zitakuuliza kama faili lako limeshafunguliwa. Wakati huo huo tazama programu za kiangazi za wanafunzi wa darasa la 11 pale West Point, Annapolis na Colorado Springs. Ni siku chache tu za kulala chuoni. Si sharti, lakini kijana aliyeamshwa alfajiri na kukimbizwa anajua anachokiomba, na jopo baadaye litaona tofauti.

2. Tambua watu wako wanne. Kila mtu anayeishi kwenye jimbo ana mbunge mmoja wa Baraza la Wawakilishi, kulingana na wilaya yake ya uchaguzi, na maseneta wawili wa jimbo zima. Watatu hao. Wa nne ni Makamu wa Rais, ambaye anaweza kupendekeza kijana kutoka popote nchini kwa West Point, Annapolis na Colorado Springs. Huyo anaombwa kupitia ukurasa wa chuo chenyewe. Kwa Kings Point yeye hana sauti, huko ni Kongresi tu. Mbunge wako utampata kwa kuandika namba ya posta ya nyumbani kwenye tovuti ya Baraza la Wawakilishi. Anayeishi Washington, D.C. hana seneta, ana mjumbe wake mmoja.

Omba kwa wote wanne. Narudia, maana hili ndilo kosa namba moja: omba kwa wote. Kijana anaomba kwa mbunge peke yake kwa sababu "ni mtu wa chama chetu", au anamwacha seneta kwa sababu baba hampendi. Chama chako hakiulizwi popote. Kila mbunge na kila seneta anaruhusiwa kuwa na wanafunzi 5 kwa wakati mmoja katika kila kimoja cha West Point, Annapolis na Colorado Springs, ambayo kwa wastani ni kama nafasi moja kwa mwaka. Ukigonga mlango mmoja unashindania nafasi moja, nyingine umewaachia wenzako.

3. Angalia kama una mlango wa ziada. Mzazi wako ni mwanajeshi? Kupitia pendekezo la Rais kuna nafasi 100 kila mwaka katika kila kimoja cha vyuo vile vitatu vikubwa, kwa ajili ya watoto wa wanajeshi wa muda mrefu, kwa mfano aliyetumikia miaka 8 mfululizo au aliyestaafu jeshini. Wapo Waafrika Mashariki wengi walioingia jeshini na green card, na watoto wao leo wako sekondari bila kujua wana haki hii. Kama uko kwenye JROTC, mafunzo ya kijeshi ya sekondari, shuleni kwenu, muulize mkufunzi wako kama kikosi chenu kina hadhi ya kupendekeza. Na kama wewe mwenyewe umeshajiunga kama askari wa kawaida, au uko kwenye Reserve au Guard, yaani jeshi la akiba, West Point ina nafasi 85 kwa wa kudumu na 85 kwa wa akiba. Anza na kamanda wako. Milango hii ni ya nyongeza. Wale wanne bado unawaomba.

4. Chukua fomu za ofisi na uandike tarehe zao ukutani. Ofisi nyingi hufungua maombi majira ya kuchipua ya darasa la 11 na kufunga kati ya Septemba na Novemba, kila moja na siku yake na karatasi zake. Piga simu ofisi ya jimboni, si ya Washington, uulize nani anashughulikia vyuo vya jeshi. Kuna mtu mahususi. Andika jina lake na uwe mstaarabu kwake, maana ndiye atakayegundua kuwa karatasi yako moja imepotea. Piga wewe mwenyewe, si mama. Ofisi hizi hupima jambo hilo kimya kimya.

5. Tafuta watu watatu wa kukuandikia barua. Wa kawaida ni mwalimu wa hesabu au sayansi, mwalimu wa Kiingereza, na kocha au bosi wa kazini. Mchungaji au shehe anafaa kama umefanya kazi chini yake, si kama ni rafiki ya baba. Wape wiki 4 au zaidi, na karatasi moja yenye mambo uliyoyafanya, ili wasiandike "ni kijana mwenye adabu" na kuishia hapo. Kisha ufuatilie. Barua moja ya binti yangu ilifika siku mbili baada ya ofisi kufunga. Mwandishi alisahau, sisi tuliona haya kumkumbusha mtu mzima. Haya yetu ilitugharimu seneta mmoja mwaka ule.

6. Andika insha na orodha ya shughuli zako. Hapa malezi yetu yanatuangusha kwa njia nyingine. Tumefundishwa mtu hajisifu, basi kijana anaandika mistari mitatu: shule, kanisa, mpira. Nikimhoji, kumbe tangu ana miaka 12 ndiye mkalimani wa familia hospitalini, anawapikia na kuwapeleka wadogo zake wanne shuleni, na wikiendi anapanga mizigo ghalani. Huo ni uongozi. Uandike, pamoja na saa kwa wiki. Wamarekani wenzako wataandika unahodha wa timu ya kuogelea. Wewe andika ulichobeba.

Ila insha isiwe ya kuomba huruma. Kama ulitoka Kongo ukapitia kambini, eleza kwa sentensi mbili, kisha uendelee kwenye ulichofanya ulipofika. Msomaji anatafuta ofisa atakayeongoza askari. Na jibu swali la msingi kwa jina: kwa nini chuo hiki, kwa nini jeshi hili. Nimesoma insha iliyotumwa Annapolis ikisifu vifaru.

7. Fanya jaribio la mwili kabla hujaona uko tayari. Ni mazoezi sita yanayofuatana: kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti, kujivuta juu ya chuma, mbio fupi za kwenda na kurudi, zoezi la tumbo, pushapu, na kumalizia maili moja. Vijana wetu wengi maili haiwasumbui. Kinachowaadhiri ni chuma cha kujivuta, na ule mpira, kwa sababu hakuna aliyewahi kuurusha akiwa magotini. Anza miezi 6 kabla, na ufanye yote sita kwa mfululizo, si moja moja kwa siku tofauti. Msimamizi huwa mwalimu wa michezo au mwingine anayekubaliwa na chuo.

8. Maliza uchunguzi wa afya haraka. Chuo kikiona faili lako lina sura nzuri, unaingizwa kwenye mfumo wa DoDMERB, bodi ya Wizara ya Ulinzi ya kuchunguza afya, na kupangiwa daktari na mpima macho karibu na kwenu, bila gharama. Jaza historia yako kwa ukweli. Pumu baada ya umri wa miaka 13 ni tatizo linalojulikana, ila kulificha ni tatizo kubwa zaidi: maisha yako yote chuoni yatasimama juu ya kanuni ya kutosema uongo, usiyaanze na uongo. Jambo moja la kwetu: wengi tulichanjwa BCG utotoni, na kipimo cha kifua kikuu cha chini ya ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo tu. Ukiulizwa, sema ulichanjwa na uombe kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na BCG.

9. Nenda kwenye usaili. Kwa kawaida ni kati ya Oktoba na Desemba. Jopo huwa raia wa eneo hilo, wengi maofisa wastaafu na walimu. Vaa suti au nguo safi ya heshima, fika nusu saa kabla, mzazi abaki nje. Maswali hayana miujiza. Kwa nini unataka kuwa ofisa? Umewahi kuongoza nani, na ulipokosea ulifanya nini? Ukimwona rafiki anaibia mtihani? Utafanya nini ukikosa nafasi mwaka huu? Hili la mwisho linawamaliza wengi. Jibu baya ni "sijafikiria", na jibu baya zaidi ni kulitaja la baba: "nitasoma udaktari." Wanataka kusikia kwamba utaomba ufadhili wa ROTC, mafunzo ya uofisa ndani ya vyuo vya kawaida, uende chuo cha kawaida, na uombe tena mwakani.

Na macho. Kwetu kumkazia macho mtu mzima ni utovu wa adabu. Huku kuinamisha macho kunasomeka kama kuficha kitu. Binti yangu alifanyia mazoezi sebuleni, wajomba zake watatu wamekaa upande mmoja wa meza wakimuuliza kwa Kiingereza cha kila lafudhi. Jioni ya kwanza alijibu akitazama kapeti. Ya tatu aliwatazama hadi mjomba mmoja akaangalia pembeni mwenyewe.

10. Subiri, huku ukiendelea kutuma. Ofisi hupeleka majina vyuoni kabla ya 31 Januari. Baadhi humtaja mmoja kuwa chaguo la kwanza; huyo akitimiza sifa zote, nafasi ni yake. Wengi hupeleka orodha bila kupanga, chuo kichague. Ukiwa kwenye orodha lakini si wewe uliyechukua nafasi ya mbunge, bado chuo kinaweza kukuchukua kutoka kundi la kitaifa la waliotimiza sifa, kwa hiyo usikunje mkeka. Alama mpya za SAT? Matokeo ya muhula? Tuma. Majibu huendelea kutoka hadi Aprili.

Mambo yakikwama

*Chuo kimenitumia barua ya kunihakikishia nafasi. Bado nahitaji pendekezo?* Ndiyo. Barua hiyo ina masharti, na pendekezo na afya ni miongoni mwake.

*Seneta mmoja amenikatalia kwa sababu mbunge ameshanipendekeza.* Ni kawaida. Katika majimbo kadhaa ofisi huelewana ili kila kijana apate pendekezo moja, wengi zaidi wafaidike. Moja linatosha.

*Fomu inanitaka nipange vyuo kwa mpangilio.* Panga kwa ukweli. Baadhi ya ofisi zitakupendekeza kwa kimoja tu.

*Tumehama jimbo Oktoba.* Piga simu ofisi zote mbili, ya zamani na mpya, siku hiyo hiyo. Kinachotazamwa ni makazi halali ya familia, na wao ndio watakaokuambia faili libaki wapi.

*Daktari amenikataa.* Soma barua vizuri. Kukataliwa na DoDMERB si mwisho. Chuo kinaweza kuomba msamaha wa kiafya kwa mtu kinayemtaka. Binti yangu mwaka wa kwanza wa kuomba aliangukia hapo, karatasi za daktari wake zikachelewa. Mwaka wa pili tulizikusanya kabla hazijaombwa.

*Cheti cha uraia hakijatoka.* Kama uraia ulishapatikana kupitia mzazi, pasipoti mara nyingi hupatikana upesi kuliko N-600. Nenda nayo hiyo.

*Nimekosa kabisa.* Chuo kinaweza kukupa mwaka mmoja kwenye shule yake ya maandalizi. Huombi mwenyewe, wao ndio wanaochagua kutoka kwa walioomba. La sivyo, soma mwaka mmoja chuo kingine, chukua hesabu, kemia na fizikia, omba tena. Utaanza mwaka wa kwanza upya, na wapo wanaohitimu walioingia kwa jaribio la pili. Ila pendekezo la mwaka jana halihamishiki. Unarudi ofisini na fomu mpya.

*Mpwa wangu yuko Dodoma, naye anataka.* Haya yote juu hayamhusu. Vyuo hivi hupokea wanafunzi wachache wa nchi za nje, wasiozidi 60 kwa wakati mmoja kwa kila kimoja cha vile vitatu vikubwa, na hupelekwa na serikali zao baada ya Marekani kuialika nchi husika. Aanzie wizara ya ulinzi ya nchi yake, na kwa mwambata wa kijeshi wa ubalozi wa Marekani. Akihitimu, anarudi kutumikia jeshi la nyumbani. Mimi mjomba wake siwezi kumpeleka, na wewe pia huwezi.